Halua ya Bi Mwanakheri na Simu ya Sultani

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zile ambazo simu zilikwisha ingia mijini na masultani wangali wakiketi katika viti vyao, palikuwa na Sultani katika mji wa Kilimbwe, jina lake Shekue bin Mwinyichande. Sultani huyu alikuwa hajapata kusafiri hata siku moja. Aliipenda simu yake kuliko farasi wake, akapiga marufuku noti sokoni, ikawa mtu hanunui hata ndimu ila kwa simu.

Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi nyingine, na mji wake uliitwa Mzingani. Hapo kivukoni, upande wa Kilimbwe, alikaa fukara mmoja mwuza maji, Pandu Simai Mcha. Mali yake yote ilikuwa punda aliyeitwa Subira. Bila punda hapana maji, na bila maji watoto hulala na njaa. Simu hakuwa nayo. Watu wa Kilimbwe walimlipa kwa wali na samaki, na mwenye kivuko alimvusha bure kwa ajili ya maji ya kunywa. Wageni wa Mzingani walimlipa kwa noti za kwao, ambazo hapana duka la Kilimbwe lililozikubali, naye akawa anazitia tu katika mtungi mbovu nyumbani.

Basi siku moja Pandu alikuwa kwa kinyozi, akasikia watu wakisema kwamba mwenye simu ya Sultani ana dunia kiganjani. Akacheka. "Simu hiyo ni jogoo wa shamba. Ikivuka mto, haiwiki."

Kabla ndevu hazijakwisha kunyolewa, maneno yale yalikuwa yamefika jumbani, na Pandu akaitwa.

"Wewe ndiwe uliyeifananisha simu yangu na jogoo?"

"Ndimi, Bwana wangu. Lakini nilimkusudia jogoo mzuri."

Sultani hakucheka. Akasema, "Kesho asubuhi utavuka, uniletee sinia la halua ya Bi Mwanakheri binti Faki, anayesifiwa Mzingani nzima. Chukua simu hii, nimeijaza fedha. Katika safari yako usibebe noti, usikope, usiombe, usiuze kitu, wala usiibe. Nisipoiona halua mbele yangu kabla ya adhuhuri, punda wako ni wangu."

Na papo hapo Subira akafungwa katika zizi la Sultani.

Asubuhi Pandu akavuka. Chombo kilipofika katikati ya mto akaitazama simu, akaona mtandao umekatika. Alipofika kwa Bi Mwanakheri akamwonyesha.

Bibi yule akaigeuza geuza. "Hii ya kwenu, mwanangu, huku ni kioo cha kujitazamia. Umekuja na noti?"

"Sina, mama, na nimekatazwa kukopa. Lakini Sultani ametaka halua ifike mbele yake. Hakusema ije peke yake."

"Una maana gani?"

"Ibebe mwenyewe, mama. Usiliachie sinia mpaka umwone mla halua kwa macho yako."

Bi Mwanakheri alikuwa hajapata kuona jumba la Sultani. Akavaa buibui lake jipya, akajitwika sinia, wakavuka.

Wakaingia barazani jua halijafika utosini. Sultani akaisikia harufu ya iliki, akasahau maneno yote, akanyoosha mkono. Bi Mwanakheri akamkatia kipande, akamkatia cha pili, na cha tatu akakichukua mwenyewe.

"Halua imefika, Bwana wangu," akasema Pandu.

"Sasa malipo," akasema Bi Mwanakheri. "Na kwetu Mzingani aliyekula halua hainuki alipoketi kabla ya kulipa. Akiinuka, huitwa mwizi hata na wajukuu wake."

Wazee wote wa baraza walikuwa wakisikiliza. Sultani akabonyeza simu yake, akabonyeza tena. Simu ikajibu kwamba namba ya bibi haijulikani. Waziri Athmani Chande akakimbia akafungua sanduku la noti za zamani, zenye picha ya Sultani, akamletea.

Bi Mwanakheri akaitazama picha, akamtazama mwenyewe. "Umetoka vizuri, baba. Lakini mwuza sukari wetu hakujui."

Ikaadhiniwa adhuhuri. Wazee wakainuka kwenda msikitini, Sultani amekaa. Jasho likamtiririka.

"Ewe Pandu," akanong'ona, "nifanyeje?"

"Nyumbani kwangu, Bwana wangu, nina mtungi wa noti za Mzingani."

"Nilikukataza noti!"

"Safarini, Bwana wangu. Safari imekwisha, na mtungi haujatoka uvunguni."

"Basi nibadilishie! Bei yako gani?"

"Leo ni punda mmoja, anaitwa Subira."

"Na nikingoja kesho?"

"Kesho utakuwa umekaa hapo usiku kucha, Bwana wangu. Bei itapanda."

Sultani akamtazama, akalitazama sinia, kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Subira akafunguliwa, mtungi ukaletwa, Bi Mwanakheri akalipwa haki yake, na Sultani akawahi rakaa ya mwisho.

Tangu siku ile kukawekwa kivukoni meza ya kubadilishia fedha, na Pandu akawa mwenye meza, ikawa hapana msafiri anayevuka bila kupita kwake. Na Sultani Shekue alipovuka mto kwa mara yake ya kwanza, alikuwa na simu mkononi, noti za Mzingani nusu mfukoni na nusu ndani ya kilemba. Na Bi Mwanakheri alipomkatia halua, alilipa kwanza, ndipo akafumbua kinywa.