Herufi Zisizoonekana

Mjane mmoja, jina lake Nyamizi, alikuwa na kompyuta kuukuu yenye mfumo endeshi usiouzwa, ule uliojengwa na watu wengi na kuachwa wazi kwa kila anayeutaka. Shemeji yake Maganga, fundi redio, alikuwa na nyingine kama hiyo. Wote wawili waliomba nafasi katika darasa la kuandika programu, na sharti lilikuwa moja: kabla ya saa sita mchana, zana zote za kazi ziwe zimeshawekwa kwenye mashine. Atakayechelewa, basi tena. Nyamizi alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka minne.

Waliketi meza moja, wakaandika amri ile ile ya kuzileta zana. Mashine ikawataka nywila, lile neno la siri la mwenye mali. Maganga akabonyeza herufi ya kwanza, hakuona kitu. Ya pili, hakuna, hata kinyota cha kuficha herufi. Basi akabonyeza kwa nguvu, akapuliza vumbi, akaipindua kibodi na kuipiga kofi kama azipigavyo redio za wateja. Alikuwa mtu wa kuamini kinachowaka. Saa tano na nusu akafunga mkoba wake.

"Shemeji, usijichoshe," akasema. "Kibodi zimekufa hizi. Huoni haziandiki?"

Nyamizi akatazama kioo cha Maganga. Kweli, palikuwa patupu. Hofu ikamshika, maana shemeji ni fundi na yeye ni mshona sare tu. Lakini kibodi hiyo hiyo ndiyo iliyoandika amri sasa hivi. Iweje ife penye siri tu? Akaandika nywila yake taratibu, herufi baada ya herufi, pasipo kuona hata moja. Akaimaliza. Akabonyeza enta.

Loo! Mistari ikamiminika! Zana zikashuka kutoka mtandaoni, kila moja ikivuta nyingine inayoitegemea, na Nyamizi akapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakachungulia. Saa sita kasoro dakika saba, kila kitu kilikuwa tayari. Maganga alikuwa njiani, akimweleza kila aliyekutana naye kwamba vitu vya bure ndivyo vilivyo.

Ndugu zangu, Maganga naye aliijua nywila yake. Herufi ya kwanza ilipokewa, na ya pili ilipokewa, ila mashine huificha siri isionwe. Basi ninyi mnaosema mlianza jema na hamkuona kitu, je, mliliandika mpaka mwisho?