Kilemba cha Mhina

Sogeeni. Mwenye njaa akale kwanza, maana hadithi yangu haishibishi mtu, inagombanisha tu. Na mwenye haraka aende zake, mlango haukufungwa.

Ilikuwa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na nne, enzi ambazo treni bado inakuja na king'ora cha karakana ya reli ndicho saa yetu. Kikilia, wanaume wanapanda baiskeli, barabara nzima inakuwa kengele tupu. Mkonge ulikwisha kuanza kufa, ila harufu yake ilikuwa bado haijapewa taarifa. Siku hizi mna pikipiki. Sisemi ni vibaya. Nasema zinanuka.

Katika barabara ile walikaa watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Bi. Mwantumu, muuza vitumbua wa nyumba yetu, alikuwa na uso usiobadilika. Ungemwambia vitumbua vyake vinanuka moshi, angekuuliza kwa upole, "Basi nikufungie vingapi, baba?" Mtu aliyekuja kutukana aliondoka na vinane. Na yeye mwenyewe akiamua kutukana, alitukana kwa sauti ileile ya kukaribisha wageni. Mpaka ufike nyumbani ndipo ujue umetukanwa.

Mama Kanchan, wa nyumba ya ng'ambo, muuza bajia na achari, alikuwa na shingo. Msicheke. Alizaliwa Tanga, mama yake alizaliwa Tanga, India hakuiona hata ndotoni, lakini shingo alirithishwa. Ukimwambia jambo akalikubali, kichwa chake kilikwenda bega hili kikarudi bega lile, kama kata inayoelea mtungini. Watoto wa barabara nzima walimwiga. Wakubwa pia. Mimi nilimwiga vizuri kuliko wote.

Mzee Semkiwa, stesheni masta mstaafu, mpangaji wa chumba cha mbele kwetu, alikuwa na neno moja: sijui. Msidhani ni neno jepesi. Muulize mtu wa kwetu njia ya kwenda mahali asipopajua, uone. Atakuonyesha kwa mkono mzima, na kona atakutajia. Kumnyima mgeni jibu ni aibu. Mzee Semkiwa peke yake ndiye aliyeweza kukutazama machoni akasema, "Sijui," akanyamaza, na usimwone amepungua.

Haya. Mhina naye alikuwa kijana wa Kibondei kutoka Muheza, karani wa ghala la mkonge, amepanga chumba cha tatu katika nyumba yetu. Alikuwa na tamaa moja tu, na aliifuga kama wengine wanavyofuga kuku. Alitaka kwenda kusoma chuo kimoja cha biashara huko India, chuo kikubwa, wanaoomba ni maelfu, wanaochukuliwa unaweza kuwaita kwa majina. Kila mwaka maprofesa watatu walikuja Dar es Salaam kusaili vijana wa nchi hii, wakachukua mmoja. Mmoja! Mhina alisema kamba za mkonge za Tanga hazijafa, zimekosa tu mtu anayejua kuzisemea, na mtu huyo atakuwa yeye.

Akaenda kwenye usaili wa kwanza na shati limenyooshwa hadi kola inakata shingo. Siku ya tatu akarudi, akaketi uani, tukamzunguka.

"Swali la kwanza," alisema, "wameniambia Tanga ni mji unaokufa. Kwa nini wampe nafasi mtu wa mji unaokufa?"

"Ukajibuje?" Bi. Mwantumu aliuliza, upawa mkononi.

"Nikawaambia, kama mnapenda miji iliyo hai, mmefuata nini kwetu?"

Bi. Mwantumu akaweka upawa chini. "Umemfokea mteja!"

"La pili, wakaniuliza nailoni, hiyo inayoua mkonge, inatengenezwa kwa kitu gani."

"Unajua?" Mzee Semkiwa aliuliza.

"Sikujua, Mzee. Nikasema kwa mti."

"Mti gani?"

"Msonobari."

Mzee akafumba macho kama mtu aliyepigwa na jua.

"Halafu nikaanza kueleza mpango wangu wa kamba. Hata sijafika katikati, wote watatu wakaanza kutikisa vichwa. Hivi." Mhina akaonyesha. "Nikaona wamekwisha kunikataa. Nikawashukuru, nikasimama, nikatoka kabla sijadhalilika zaidi."

Pale mlangoni tukasikia kicheko. Mama Kanchan alikuja kurudisha chekeche, akasikia yote. Alicheka hadi akakaa kizingitini.

"Umetoka? Mhina, watu wamekukubali, na wewe umetoka?"

Kila mmoja alikuwa anakumbuka amemwiga mama yule mara ngapi.

Sasa fomu ya chuo ilisema mwombaji asizidi miaka ishirini na minane, na Mhina alikuwa na ishirini na saba. Ilibaki safari moja. Akikosa hiyo, basi, angehesabu marobota ya mkonge mpaka yaishe.

Bi. Mwantumu akamchukua asubuhi, amfundishe kutukanwa. Kila siku, kabla Mhina hajaenda kazini, alipita kwenye karai la vitumbua, na kabla hajapewa, alitukanwa. "Mhina, shati hilo umeliazima kwa marehemu gani?" "Mhina, Muheza mmebaki wangapi wenye akili, au bora wenu ndiye wewe?" Ilimpasa ajibu kwa adabu, uso umetulia, jibu lenye maana. Akikunja ndita, hapati kitu, anakwenda kazini na njaa. Miezi miwili ya mwanzo alikonda. Mwaka mzima Bi. Mwantumu hakumkosesha tusi hata siku moja. Ramadhani alimtukana baada ya kufuturu. Na vilikuwa vitumbua vya mchele wa kulowekwa, vya iliki, vyenye ukingo mkavu kama karatasi. Mnavyokula nyinyi sasa sijui ni nini.

Mama Kanchan alimchukua alasiri moja. Moja tu. Lakini alivuka barabara akaja kuketi uani kwetu, juu ya kigoda cha Bi. Mwantumu, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akinyang'anyana naye wateja, mbele ya watu wote waliokuwa wakimcheka. "Tazama," akamwambia Mhina. "Hii ni ndiyo. Hii ni endelea. Hii ni nimekuelewa, ila usinichoshe. Na hapana ni hii hapa, kichwa hakiendi mabegani, macho ndiyo yanakwenda pembeni." Akarudia, akarudia, shingo yake ile, polepole, mpaka Mhina akaweza kuzisoma zote. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza akachukua kanga yake akaenda zake, wala chai hakunywa.

Mzee Semkiwa alimchukua jioni, barazani. Mimi nilikuwa ndani nachagua mchele, dirisha liko wazi, nifanyeje, nizibe masikio?

"Nitakwambia neno hili nililipata wapi," Mzee alisema. "Nilikuwa mgeni kazini, Korogwe, kofia mpya kichwani. Akaja mama na mtoto mgonjwa mgongoni, akaniuliza kama treni ya kushuka Tanga itakuja leo. Simu ya reli ilikuwa imekatika. Sikujua. Lakini na kofia ile, niseme sijui? Nikamwambia itakuja saa kumi. Lori la mkonge likapita, akaliacha, akanisikiliza mimi. Treni ilikuja kesho yake."

"Na mtoto?" Mhina aliuliza.

"Hakusubiri."

Kisha Mzee akaanza kumuuliza vitu ambavyo yeyote asingevijua, jioni hiyo na nyingine nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha reli, na kila mara Mhina alitakiwa aseme hajui, bila kutazama chini, halafu aseme atamuuliza nani. Hadithi ya Korogwe hakuwahi kumsimulia mtu, hata mkewe. Lakini ilitoka nje. Mimi ndiye niliyeitoa, sikatai, mdomo wangu haujawahi kuwa na komeo. Wako watu walioacha kumsalimia.

Mwaka ukafika. Mhina akarudi Dar es Salaam, maprofesa walewale, meza ileile. Haya niliyasikia kutoka kwake mwenyewe.

Yule wa kulia akaanza: "Mwaka jana uliondoka kama mwizi. Mjinga huiva kwa mwaka mmoja?" Mhina akasema moyoni, Bi. Mwantumu hapa angekuwa bado hajaanza. Akatabasamu, akajibu, "Mwaka jana nilikosa adabu, bwana, na nimekuja kujirekebisha mbele ya walewale walionishuhudia." Yule profesa akavuta kiti mbele.

Akaanza kueleza mpango wa kamba. Vichwa vikaanza, bega hili, bega lile, vyote vitatu. Magoti yalitaka kusimama yenyewe. Akatazama macho yao: hayakwenda pembeni. Hii ni endelea. Akaendelea mpaka mwisho.

Halafu yule wa katikati, mama mmoja mwenye miwani, akauliza, "Kamba ya mkonge ikikaa ndani ya maji ya chumvi, inaanza kuoza baada ya siku ngapi?" Mhina alijua kamba, lakini hilo hakulijua. Ulimi ukasogea wenyewe kutaka kutaja siku. Akaukamata. "Sijui," akasema. "Yuko msuka kamba kwetu aliyefanya kazi hiyo miaka arobaini. Nitamuuliza, niwaandikie."

Yule mama akaweka kalamu chini. "Tangu asubuhi tumewauliza vijana kumi na mmoja. Wewe ndiye wa kwanza kutuambia hujui."

Wakamchukua.

Alikaa India miaka miwili. Barua zilikuja na mistari myekundu na ya buluu pembeni, posta walikuwa wanatujua. Aliporudi, chama cha wasuka kamba kilikwisha kumpa umeneja, aanze Jumatatu. Na ndani ya sanduku lake mlikuwa na kitambaa kimoja, kirefu, rangi ya maziwa, ukingo wa uzi wa dhahabu. Kilemba.

Nyinyi hamyajui haya. Zamani kwetu mwanafunzi akihitimu, awe wa useremala, wa cherehani au wa ngoma, humpa fundi wake kilemba. Fundi mwanaume hufungwa kichwani, mwanamke hufunikwa mabegani, mbele ya watu, na hapo ndipo mwanafunzi anapoachiwa afanye kazi kwa jina lake. Kilemba ni kimoja na fundi ni mmoja. Na wasuka kamba walikuwa watu wa mila. Walikwisha kusema hawafanyi kazi chini ya mtu ambaye hajamvika fundi wake.

Siku hiyo ni Ijumaa. Mhina akaketi uani, kitambaa magotini.

"Walimu wa India je?" jirani mmoja akauliza.

"Wale walimkuta amekwisha kupikwa," Bi. Mwantumu akajibu. "Mhina, mwanangu, sitaki maneno mengi. Mwaka mzima. Huyu amekufundisha alasiri moja, yule amekupigia hadithi. Fundi ni yule anayeshinda na mwanafunzi."

"Dada," Mama Kanchan akasema, "na mwaka wako wote huo, kama si alasiri yangu angesimama tena akatoka, na matusi yako angeyaacha kwenye korido. Halafu umetoa nini? Vitumbua na matusi, vyote unavyo kila siku. Mimi nimekuja kuketi katikati ya watu wanaonicheka, nikawapa kilekile wanachokicheka."

"Hatukukucheka wewe, tumecheka shingo."

"Shingo ni ya nani?"

Mzee Semkiwa akakohoa. "Mimi kilemba sikidai. Nasema tu, yule mama wa miwani alikwisha kutaja kilichomfanya aweke kalamu chini. Na nyinyi mmetoa, mkarudi nyumbani wazima wazima. Mimi hadi leo kuna watu wakiniona wanavuka barabara."

"Hukidai, Mzee," Bi. Mwantumu akasema kwa ile sauti yake ya kukaribisha wageni, "ila miaka yote sijakuona bila kofia, leo umekuja na kipara kitupu."

Hata Mzee alicheka. Lakini kofia hakwenda kuichukua.

"Nikikate vipande vitatu?" Mhina akauliza.

"Ukate," Mama Kanchan akasema, "utugawie vitambaa vya kufutia vyombo."

"Basi nikirudishe sandukuni."

"Na Jumatatu uwaambie wasuka kamba ulijifundisha mwenyewe?" Mzee akauliza. "Hilo nalo ni jibu la msonobari."

Mhina akasimama, kitambaa kimetandazwa juu ya mikono yake miwili, na ua mzima ukasimama naye.

Wote watatu wamekwisha kufa. Karakana imenyamaza, ua ule umejengwa ghorofa, na Mhina mwenyewe sasa ana mvi hadi kwenye nyusi. Alichokifanya nakijua, nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote. Sisemi. Nikisema mtaitikia "ahaa" mkalale, na mimi sikuwaita mje kulala.

Aliyetoa mwaka mzima, lakini katika vitu alivyokuwa navyo tele. Aliyetoa alasiri moja, lakini mbele ya waliomdhihaki. Aliyetoa siri moja, na ikamlia heshima yake. Toa mmoja, yeyote, na Mhina anarudi kwenye marobota.

Kilemba kiko mikononi, watu wamesimama, Jumatatu inakuja. Je, wewe ungemvika nani, na wale wawili uliowaacha ungewatazama na uso gani?