Chai Baridi ya Bwana Kifaru

— Jamani, nimekuja!
— Umekuja na nini?
— Nimekuja na uongo mtupu!
— Uweke hapa katikati tuutafune!
— Una mifupa!
— Tuna meno!

Haya. Kilikuja kiangazi, kikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mito ikakauka. Madimbwi yakakauka. Ikabaki chemchemi moja tu, chini ya mlima, na mbele yake akalala Kifaru. Mnene! Mzito! Akasema, "Maji haya ni yangu. Anayetaka kunywa aniletee majani mabichi."

Majani mabichi yatoke wapi, na nchi nzima imekuwa kahawia?

Jirani na hapo, kwenye miamba, aliishi Bibi Pimbi, mnyama mdogo asiyefika hata gotini kwa mbuzi. Asubuhi moja akajiwa na shoga yake, Swala, analia.

"Shoga, mwanangu hasimami tena. Nimekwenda kwa Kifaru kumwomba tone moja, amenifukuza."

"Mlaze hapa kivulini," Pimbi akasema. "Kunywa atakunywa."

Pimbi akapanda mlima, paku-paku-paku, mpaka kule juu ambako maji hulala yakaamka mawe. Akabandua barafu, akaifunga kwa majani makavu ya mgomba isiyeyuke, akashuka nayo mgongoni, paku-paku-paku. Kipande cha kwanza akamlambisha mtoto wa Swala. Mtoto akafumbua jicho moja. Lakini barafu ya mgongoni kwa Pimbi itatosha nchi nzima? Haitoshi.

Basi akaenda chemchemini.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Majani yako wapi?"

"Ninayo, ila si ya kutafuna. Ni ya chai."

"Chai! Na jua lote hili?"

"Chai baridi, bwana. Yenye barafu."

Akampa kipande alambe. Kifaru akalamba, masikio yakamsimama twaa! Kwani hata yeye, na ukubwa wake wote, alikuwa anakunywa maji ya vuguvugu.

"Tengeneza!" akanguruma. "Tengeneza sasa hivi!"

Pimbi akateka maji, akawasha moto. Akatia majani ya chai mengi, mara mbili ya kawaida.

"Mbona mengi?" Kifaru akauliza.

"Barafu ikiyeyuka itaizimua, bwana. Chai ya barafu huanza kali."

Akatia asali chai ingali moto, maana kwenye chai baridi asali hukaa chini tu inanuna. Akaiacha ipoe. Akatia barafu, kling! kling! Alipokuwa anakamua ndimu, Kifaru akashindwa kungoja, akasogeza pua yake kubwa: fuuu! Barafu ikayeyuka yote.

"Ona sasa!" Pimbi akasema. "Pumzi yako ni ya moto, bwana. Chai baridi haitaki pumzi ya mkubwa. Kakae pale kwenye mgunga."

Kifaru akaenda kukaa kwenye mgunga.

Pimbi akapika chai ya choya. Akachemsha maua na kipande cha tangawizi, ikawa nyekundu, akachuja, akatia asali, akaipoza, akatia barafu, kling! kling! Kifaru akasikia ile kling. Akanyata, du! du! du! Akasogeza pua: fuuu! Barafu ikayeyuka yote.

"Bwana mkubwa!"

"Nilitaka kunusa tu," Kifaru akasema kwa aibu.

"Imebaki chai moja, ya mchaichai. Hiyo ndiyo tamu kuliko zote, lakini haipikwi kwa moto. Majani yanalowekwa kwenye mtungi wa maji, unawekwa juani asubuhi, jua linaipika polepole mpaka jioni. Ndipo inatiwa barafu. Na hiyo pumzi yako, bwana, hata pale mgungani inafika."

"Basi nikakae wapi?"

"Nyuma ya kilima."

Kifaru akatazama kilima. Akatazama chemchemi. Akaukumbuka ule ubaridi ulimini mwake. Kesho yake alfajiri akaenda nyuma ya kilima, akakaa, akafunga mdomo.

Pimbi akaloweka mchaichai, akauweka mtungi juani. Halafu akapiga mluzi: fyuu!

Wakaja wote. Akaja Swala na mwanawe akijikokota. Akaja Nyani, akaja Kanga, akaja Kobe. Wakanywa! Kumbe Kifaru haoni mbali, lakini kusikia anasikia.

"Pimbi wee!" akaita toka kilimani. "Hiyo chubwi-chubwi ni nini?"

"Mchaichai unajikoroga, bwana!"

"Na hiyo gu-gu-gu?"

"Chai inashuka mtungini, bwana!"

Pale Nyani akapaliwa na maji: koho! koho!

"Na hiyo je? Nakuja kuona!"

Swala akamkumbatia mwanawe. Pimbi akapaza sauti:

"Njoo, bwana! Njoo na pumzi yako! Nitaanza upya kesho!"

Kisha huko nyuma ya kilima ikasikika: puu. Kifaru amekaa.

Jioni Pimbi akatia barafu, akampelekea bakuli kubwa. Na chai ilikuwa nzuri kweli, hakumdanganya hapo. Kifaru akainywa akiwa amefumba macho.

"Kesho je?" akauliza.

"Kesho ya maziwa na iliki, bwana. Hiyo ni nyepesi kuharibika. Kakae nyuma ya kilima cha pili."

Ikawa hivyo kila siku, mpaka mawingu yakajikusanya mlimani na mvua ikashuka, shaaa! Mito ikaamka. Mtoto wa Swala alikuwa anaruka topeni, anateleza, anaruka tena, na mama yake anacheka mpaka anakaa chini.

Kifaru? Alikuwa huko mbali, mvua inamnyeshea, mdomo kaufunga. Hataki kuharibu chai.

Funzo, wanangu: mkubwa siku zote ndiye mwenye akili. Hakuwasha moto, hakuteka maji, hakuosha bakuli, na chai akaletewa. Kwa hiyo muwe kama Kifaru, na huyo Pimbi msimwige kabisa.

Hadithi imelala. Msiiamshe.