Mayai Tisa ya Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kinyonge. Nyinyi watu wazima kule nyuma, itikieni na nyinyi, maana ngano hii ni yenu kuliko ya watoto.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mahakama yao, Bi Kanga alitaga mayai tisa kwenye nyasi. Akatamia siku moja. Akatamia siku mbili. Siku ya tatu Nguchiro akatokea, akadai mayai ni yake, eti yametagwa kwenye ardhi yake. Kanga akacheka. Nguchiro hakucheka. Wakaenda kwa Hakimu Kiboko.

Kiboko alisikiliza kesi akiwa mtoni, pua na masikio tu nje.

"Mahakama ina desturi yake," akasema. "Kinachogombewa hakiguswi mpaka hukumu itoke. Mayai yakae juu ya jiwe langu, yawe kielelezo."

"Mheshimiwa, hayo ni mayai," akasema Kanga. "Yanataka joto la mama. Nisipoyatamia, watoto wangu watafia humo ndani."

"Hoja yako imeandikwa," akasema Kiboko, akazama. Chubwi.

Mayai yakakaa juu ya jiwe. Usiku baridi, mchana jua. Kanga akazunguka, akazunguka, akazunguka, haruhusiwi hata kuyapumulia. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa: maji yalikuwa ya moto. Ikatajwa, ikaahirishwa: Hakimu alikuwa amevimbiwa. Ikatajwa, ikaahirishwa: siku hiyo hakuna aliyejua kwa nini.

Juu ya mti walikaa wachambuzi wa sheria, Kunguru na Kasuku. Kunguru alisema hii ni kesi ya ardhi. Kasuku alisema hapana, ni kesi ya malezi ya watoto. Kra, kra, kra, kutwa nzima. Kesho yake wakabadilishana, Kunguru akashika malezi, Kasuku akashika ardhi, wakabishana vilevile. Hakuna hata mmoja aliyeteremka kuyatazama mayai.

Mwezi wa tatu hukumu ikatoka. Kiboko aliisoma tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mayai ni ya Kanga. Nguchiro asiyaguse, yeye na uzao wake. Kunguru akasema hukumu hii ni ya kihistoria. Kasuku akasema itasomwa na wajukuu.

Nguchiro wala hakukata rufaa. Aliyanusa mayai mara moja, akaenda zake anacheka.

Kanga akatikisa yai la kwanza. Chwa, chwa. La pili. Chwa, chwa. Yote tisa, viza. Akalia, jamani, akalia sana. Kisha akafuta machozi, akasema kwa adabu kwamba ameshinda, na hataki kula ushindi peke yake.

Wachambuzi, waliposikia kula, wakateremka mbio. Kiboko hali mayai, lakini cha bure hakikatai. Akafumbua kinywa chote. Kanga akayasukuma, pwa, pwa, pwa, mpaka la mwisho.

Uvundo ukajaa mto mzima. Kunguru akarukia mtini. Kasuku akamfuata, bawa puani. Kiboko akakohoa, akatema, akauliza, "Kanga, umenilisha nini?"

"Hukumu yako, Mheshimiwa," akasema Kanga. "Ni ileile. Ila imekaa sana juu ya jiwe."

Basi, wanangu, na nyinyi wa nyuma mnaojifanya mmesinzia, jueni hivi: hukumu ikitoka baada ya kitu kuharibika, aliyeshinda hurudi nyumbani mikono mitupu, hata isomwe kwa sauti nzuri namna gani. Hadithi yangu naikomesha hapo, kabla hamjaanza kuichambua.