Mpishi wa Siku za Kufungwa

Ndugu zangu, nawaona vijana wawili pale nyuma wamekuja kanisani na jezi ndani ya koti. Msijifiche, sijakasirika. Najua jioni kuna mechi, na mimi mwenyewe nimefupisha mahubiri, mama mchungaji ni shahidi. Basi mfano wangu wa leo nao uwe wa mpira.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa kambi ya timu ya taifa. Nchi gani, msiniulize. Makocha walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Wachezaji wote walimwita Mama, hata wale wenye ndevu. Alijua nani tumbo lake halitaki maharage, na nani akiwa na wasiwasi hali chakula mpaka abembelezwe. Sisi tukiwaona wale kumi na mmoja wamejipanga kwa wimbo wa taifa, tunasahau kwamba kuna mtu aliamka akawachemshia uji.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokuwa pale kambini. Siku timu ikifungwa, basi lilirudi moja kwa moja. Nani amwalike aliyefungwa? Vijana waliingia kwa mlango wa jikoni wakiwakwepa waandishi wa habari, wakakaa kwenye mabenchi yake, vichwa chini. Mama aliwapakulia. Mmoja akianza kulia alimwambia, "Kula kwanza, mwanangu. Utalia ukishashiba." Kijana alikula. Walikaa naye hapo mpaka mmoja atanie, mwingine ajibu, na kicheko kirudi kidogo kidogo.

Lakini siku timu ikishinda, basi halikurudi. Lilipitiliza hotelini, kwa waheshimiwa, kwenye kamera na nyama choma. Mama alibaki na sufuria zake. Aliyerudi alikuwa mtu mmoja tu, mzee mtunza vifaa, kwa sababu jezi chafu hazialikwi karamuni. Wawili hao walikula kwenye meza iliyoandaliwa kwa ajili ya timu nzima, na kilichobaki wakawapelekea walinzi.

Je, mama alilalamika? Wala. Alitamani kitu kimoja tu: awaone wanawe siku wamefurahi. Miaka yote aliyowapikia hakuwahi kuiona sura ya hata mmoja wao akiwa ametoka kushinda. Aliiona gazetini, kama wewe na mimi.

Ikafika mechi kubwa, ya kufuzu Kombe la Afrika. Asubuhi nahodha, kijana mwenye adabu zake, alipita jikoni kuaga.

"Mama, tuombee."

"Nitawaombea, baba. Mkishinda mtakuja kula?"

Nahodha akacheka, akamshika mabega. "Mama, tukishinda leo nchi nzima itatulisha! Wewe pumzika tu. Usipike kabisa."

Kijana alisema kwa upendo, jamani. Alidhani anampunguzia kazi. Mama alitabasamu mpaka kijana alipotoka, kisha akabaki amesimama pale pale na mwiko mkononi. Halafu akapika. Akapika pilau, akakata kachumbari, akapanga sahani za watu wote.

Mpira aliusikiliza redioni. Timu ilitangulia kwa bao moja, ikalilinda bao hilo kwa jasho hadi dakika za nyongeza. Mara mwamuzi akapuliza filimbi. Penalti, kwa wageni! Na sare ingetosha kututoa. Mnaijua hali ile. Kuna watu hawajaingia kanisani tangu wabatizwe, lakini penalti ikipigwa wanaliita jina la Bwana kuliko mashemasi wangu. Nchi nzima ikashika vichwa, kila kinywa kikasema, "Mungu wangu, asifunge."

Mama naye, peke yake jikoni, alifumba macho amwombee golikipa wake. Akafungua kinywa. Neno lililotoka lilikuwa, "Afunge."

Alijisikia kwa masikio yake mwenyewe. Golikipa akaudaka mpira, na mitaa yote ikalipuka kwa vifijo.

Mzee mtunza vifaa aliporudi na mifuko ya jezi alimkuta mama amekaa sakafuni, kanga usoni.

"Dada, tumeshinda! Unalia nini?"

"Kaka, nimeomba wafungwe."

"Nani? Wewe?"

"Mimi. Wangefungwa, wangekuja."

Mzee akaweka mifuko chini. Hakumkemea. Alivuta kigoda akakaa karibu naye, na kwa muda mrefu hakuna aliyegusa lile pilau.

Najua kuna anayesema moyoni, huyo mama ni msaliti. Haya, msaliti. Lakini sala ile alifundishwa na nani? Si na watu wabaya. Alifundishwa na vijana wema waliompenda, wakamletea machozi yao yote, na furaha yao wakaipeleka kwingine.

Na sisi je? Kwa nini mama yako akiona unampigia simu, neno lake la kwanza ni "Kuna nini?" Kwa sababu unampigia ukiwa na homa, ukiachwa, ukifukuzwa kazi. Ulipopanda cheo ulikuwa na watu wengi, hukupata nafasi. Yule kocha aliyekufundisha mpira kwenye kiwanja cha vumbi, yule mwalimu aliyekushika mkono ukaandika jina lako, hawa kinamama wanaofagia hapa tunapokaa, tunawakumbuka lini? Tukiwa taabani. Wala hatuwachukii. Hilo ndilo linaloniumiza mimi mchungaji wenu: tunawapenda kabisa, na bado tunawapa siku mbaya peke yake.

Na kwa Mungu tunafanyaje? Mtu akiumwa, tunakesha naye hapa. Akipona, tunamwona harusini kwa watu, hapa haonekani. Mungu hawezi kututakia tufungwe, jina lake lisifiwe. Lakini mnadhani hatamani kutuona tukicheka?

Yule mama hakuwachukia wanawe. Alikuwa na hamu nao. Na leo kuna mtu mahali ana hamu na wewe hivyo hivyo, amengoja mpaka amechoka. Siku utakapompigia ukilia, atakufariji, atalia nawe, kweli kabisa. Lakini pembeni ya moyo wake kuna kitu kitafurahi kwamba umempigia, naye ataona haya mbele za Mungu kwa furaha hiyo. Ndugu yangu, usimfikishe hapo mtu anayekupenda.