Meno ya Amolo

Chepkurui aliyaona meno kwanza. Hakuona macho wala paji la uso. Aliona meno ya mbele ya chini, meupe na yaliyopangika kama punje za mahindi mabichi, katika mdomo ambao yeye alijua haukuwa nayo.

Picha ilibandikwa ukutani kwenye kituo cha kununulia majani chai karibu na Silibwet, mwaka wa 1998. Wachimba mtaro walikuwa wamefukua fuvu lisilo na taya la chini, chini ya michai ya mpakani mwa mashamba. Afande Clifford aliwaeleza wakulima kwamba fuvu lilipelekwa ng'ambo, kompyuta ikalipima na kulivika nyama na ngozi, ikatoka picha hiyo. Palipopungua kitu, wataalamu walijaza wenyewe.

"Nani anamjua?"

"Kompyuta gani hiyo, afande?" alidakia Kiptanui, babake Chepkurui. "Imechora mtu asiye na kwao!"

Watu wakaangua kicheko. Chepkurui akainamia kikapu chake. Tangu utotoni aliogopa macho ya watu kama kuku aogopavyo mwewe.

Mama Jerusa alisogea. Kwa miaka saba alikuwa akimtafuta mumewe Amolo, karani aliyepima majani kituoni hapo. Walimwengu walimwambia ametorokea mjini na mwanamke.

"Siye," alisema, uso ukamchangamka. "Wangu aling'olewa meno sita ya chini akiwa kijana, desturi ya kwetu ziwani. Huyu anayo yote. Basi yu hai! Nitaendelea kumwekea chakula chake."

"Umesikia, afande?" Kiptanui akacheka kuliko wote. "Rudisha picha kwa wenyewe!"

Neno lile la chakula lilimchoma Chepkurui kama mwiba wa mchongoma. Aliweka kikapu chini, akampita babake, akaziba meno ya picha kwa kidole gumba.

"Mama, tazama tena."

Jerusa alitazama. Kisha akajitupa chini.

"Uwi! Amolo! Uwi!"

Kilio kikapasua kituo kizima. Kicheko kikamkauka Kiptanui mdomoni.

"Wewe mtoto, njoo hapa! Unajua nini?"

Chepkurui hakugeuka. Alimtazama afande, mara ya kwanza kumtazama mtu machoni.

"Nilikuwa darasa la tano. Amolo alimrudishia baba majani magumu, kwamba hayafai, mbele ya watu. Jioni baba akamngoja mpakani, akampiga jembe. Mimi nilikuwa natoka kupeleka maziwa, nikaona. Shule niliacha kwa sababu njia inapita pale."

"Mwongo! Ni uvivu tu ulikutoa shule!" Kiptanui alifoka, lakini alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, na wakulima wakamfungia njia.

Chepkurui alipiga magoti kando ya Jerusa. Lililobaki lilikuwa neno moja, alilolala nalo miaka saba.

"Mama, baba alipomfukia, Amolo alikuwa bado anapumua. Nami nikanyamaza."

Mficha maradhi, kilio humfichua.