Nyati Aliyejifanya Nguzo

Nikiwaita, mtaitika?
Tutaitika.
Nina uongo hapa.
Utoe.
Mtamu umeisha, umebaki mchungu.
Toa huohuo.

Basi bwana, palitokea ukame, ukame kweli. Mto ukakauka, visima vikakauka, hata mate watu wakawa wanameza kwa kubana matumizi. Maji yakabaki kwenye dimbwi moja tu, na dimbwi lenyewe likakaliwa na Nyati. Baunsa. Shingo kama gogo, roho kama kokwa. Swala akija, puu, anapigwa pembe. Ngiri akija, puu, anapigwa pembe. Kutwa nzima puu, puu, mpaka Nyati mwenyewe akachoka, maana halali. Akisinzia kidogo tu anasikia nyuma yake labu labu labu, kuna mtu anakunywa.

Juu kwenye mawe alikaa Pimbi na wanawe. Pimbi si mnajua, kamnyama kadogo, ukikaona haraka unasema sungura kakatwa masikio. Kitindamimba wake aliitwa Njiti, kakonda kama jina lake. Ulimi wa Njiti ulishaanza kutoka nje bila kurudi.

Chini ya yale mawe zamani palikuwa na ranchi ya ng'ombe. Wenyewe walihama, wakaacha waya wa ua umelala kwenye majani. Kazi ya waya Pimbi aliijua kwa kuwachungulia vibarua kutoka juu. Nyati akazipata habari. Akaja, akakoroma.

"We kidude, shuka unijengee ua. Waya ukikaza, wanao watakunywa."

"Kweli, mkubwa?"

"Nimeshawahi kukudanganya?"

Alishawahi, tena sana. "Hapana, mkubwa," Pimbi akajibu, akashuka.

Wakaanza. Nyati anakokota, Pimbi anaelekeza. Waya ukalizunguka dimbwi lote, miti ya pembeni ikaushika, mstari juu ya mstari, ule wa chini kabisa unakwaruza udongo. Katikati wakasindilia miiba ya mgunga, hata panya asipite. Zikabaki ncha za waya, za kufunga kwenye nguzo ya mwisho. Hiyo ndiyo inayobeba mvuto wote.

Wakachimbia nguzo ya mgunga. Nyati akavuta. Pimbi akaupiga waya kwa ukucha: bwe.

"Umelegea, mkubwa."

"Nakaza."

Ng'iii, ng'iii, kwach. Nguzo ikang'oka.

Wakachimbia ya mninga. Nyati akavuta. Bwe.

"Umelegea, mkubwa."

"Nakaza."

Ng'iii, ng'iii, kwach. Ikang'oka.

Wakachimbia ya mpingo, mti mgumu kuliko wote. Ng'iii, ng'iii, kwach. Ikang'oka na yenyewe, na udongo wake.

Sasa vibarua, wakikaza waya, ile nguzo ya mwisho huwa wanaiegemezea gogo kwa mshazari, ili mvuto usiilaze. Pimbi alilijua hilo gogo. Hakulitaja.

"Mkubwa," akasema taratibu, "porini humu kuna mti unaokuzidi nguvu?"

"Uko wapi huo?"

"Haupo. Ndiyo maana zinang'oka. Nguzo ya ua huu ni wewe."

Nyati akalifikiria neno lile. Likamkaa vizuri.

Pimbi akamfunga zile ncha kifuani, zikapita mabegani, kama ng'ombe wa jembe. Nyati akaligeuzia dimbwi mgongo, akajisukuma mbele kwa miguu yote. Ng'iii. Pimbi akaupiga waya: tiiii, ukaimba.

"Umekaza, mkubwa. Ila ukirudi nyuma hatua moja, ua wote unalala."

"Nirudi nyuma mimi?"

"Na wanangu, mkubwa?"

"Wanao wasubiri mvua."

Hapo Pimbi hata hakushtuka, alishajipanga. Jua kali namna ile, mwili mkubwa namna ile, maji yako nyuma ya mkia. Jioni haifiki, atarudi kunywa, waya utalegea, wote watapita. Akawaambia Swala na Ngiri, "Kaeni karibu. Mwenye kiu hana kiburi."

Jua likapanda, Nyati kasimama. Jua likashuka, Nyati kasimama. Giza likaja, giza likaondoka, Nyati kasimama, povu mdomoni, macho yameingia ndani kama mashimo. Ukiugusa waya: tiiii.

Pimbi akamwendea, kambeba Njiti mgongoni. Njiti alikuwa halii tena, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

"Mkubwa, rudi unywe."

"Nikirudi ua unalala."

"Ulale. Utakunywa wewe wa kwanza."

"Na nyie mtakunywa?"

"Wa mwisho kabisa. Tutalamba tope."

"Basi sirudi."

"Utakufa, mkubwa."

"Nitakufa maji yakiwa yangu."

 Hila zote alizokuwa nazo Pimbi zilikuwa za kumpiga mtu anayejipenda. Huyu wala hakujipenda, aliwachukia wenzake tu. Pimbi akalirukia fundo alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe. Lilishabanwa na ule mvuto, limekuwa jiwe. Akautafuna waya, krr krr krr, mpaka jino likakatika. Waya ukamjibu tiiii.

Mchana, Njiti akapiga kwikwi moja, akanyamaza. Pimbi akamtikisa. Akamlamba. Akamtikisa tena.

Jua lilipokuwa linazama, magoti ya Nyati yakakunjika. Akaanguka kinyumenyume, puu, mkia ndani ya maji, mdomo nje. Waya ukasema bwe. Miiba ikalala chini, ua wote chini, na wanyama wakapita juu yake bila hata kuangalia wanakanyaga nini. Labu labu labu, dimbwi zima.

Pimbi akawapeleka wanawe waliobaki, wakanywa. Halafu akamlowesha Njiti midomo. Maji yakachuruzika pembeni, yakarudi dimbwini.

Ngiri akaja, kidevu kinadondosha maji. "Dada Pimbi, umemweza. Yaani ulijuaje kwamba atasimama mpaka afe?"

"Sikujua," Pimbi akasema. "Nilijua atakunywa."

Funzo, wadogo zangu, ni hili: ua ni kukaza waya. Ukishapata chako, simama wima, usirudi nyuma hata hatua moja, kiu ni tabia ya watu wadogo. Na ukimwona mtu kasimama imara namna ile, usimsumbue na habari za mtoto wako. Mpigie makofi.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Anayeutaka aubebe, anayebisha akaiulize mifupa.